Eugene Stoner: baba wa M16, na ile bafa ya kuzuia kuinama

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Tumwongelee marehemu mmoja ambaye kazi yake mmeiona mara nyingi kwenye sinema za Vietnam na kwenye magemu ya kompyuta, ila jina lake wengi hawalijui. Ni Eugene Morrison Stoner, Mmarekani, mtu aliyebuni bunduki iliyokuja kuitwa M16.

Kwanza tuelewane. Kumiliki bunduki bila kibali ni kesi, na hapa hatumfundishi mtu kuchezea silaha. Tunaongea ufundi, na maisha ya fundi.

Stoner alizaliwa tarehe 22 Novemba 1922 huko Gosport, jimbo la Indiana, akakulia California. Alisoma sekondari Long Beach, na uhandisi hakuusomea chuoni. Aliingia kampuni ya ndege ya Vega, kazi yake kufunga silaha kwenye ndege. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto akajiunga na kikosi cha Marine, upande huohuo wa silaha za ndege, akapelekwa Pasifiki ya Kusini na kaskazini ya China. Vita vikaisha, akarudi karakana, tena ya vifaa vya ndege. Mwaka 1954 akachukuliwa kuwa mhandisi mkuu wa ArmaLite, kampuni ndogo iliyokuwa chini ya Fairchild, watengenezaji wa ndege.

Mnaona hapo? Jamaa ametoka kwenye ndege. Ndiyo maana wakati wenzake wanang'ang'ania chuma na mbao, yeye alileta alumini na plastiki. Bunduki yake ya AR-10 ilikuwa nyepesi ajabu, lakini jeshi la Marekani mwaka 1957 likachagua M14. Sudan walinunua AR-10 kama 2,500 hivi mwaka 1958. Wenzake wawili, Robert Fremont na James Sullivan, wakaipunguza ukubwa ikawa AR-15. Mwaka 1959 haki za kuitengeneza zikauzwa kwa Colt, na mwaka 1961 Stoner akaondoka ArmaLite.

Sasa tuingie kwenye ufundi wenyewe, taratibu.

Risasi ikifyatuka, sehemu ya moshi wa baruti hutumika kuirudisha mitambo nyuma ili ganda litoke na risasi nyingine iingie. Kwenye bunduki kama zile SMG za askari wetu, moshi unasukuma pistoni iliyokaa juu ya mtutu, na pistoni inasukuma mitambo. Stoner akafanya kivingine. Moshi unapita kwenye kibomba chembamba hadi ndani ya kile chuma kinachobeba boliti, tukiite kibeba boliti. Unatanukia humo humo, nyuma ya boliti. Kwa hiyo msukumo unapita katikati kabisa, kwenye mstari mmoja na mtutu. Nyuma yake, ndani ya bomba la kitakoni, kuna springi na kizito kidogo kinachoitwa bafa, kinachopokea kishindo. Vyote vimepangwa kwa mstari mmoja kama mabehewa ya treni.

Halafu watu wakaanza kubadilisha. Mwaka 1964 aina ya baruti ikabadilishwa. Baruti mpya ikaongeza kasi ya mitambo kupita ilivyopangwa, na ikaacha uchafu zaidi. Chemba haikuwa imepakwa kromu. Askari wengi walipelekwa Vietnam bila vifaa vya kutosha vya kusafishia, huku wakiambiwa bunduki hiyo haihitaji usafi mwingi. Matokeo yake bunduki zikakwama katikati ya mapigano na vijana wakafa wakihangaika kutoa ganda. Mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani ikachunguza, Stoner akaenda kutoa ushahidi, na baruti ikatajwa kama chanzo kikubwa. Tiba zilizofuata ni kromu kwenye chemba, vifaa vya usafi, mafunzo, na bafa mpya nzito zaidi ya kupunguza kasi. Shikeni hilo: bafa iliitwa kutibu ugonjwa ulioletwa na kitu kingine.

Miaka ya 2000 hadithi ikajirudia kwa sura nyingine. Watu walichoka na moshi kuingia ndani, wakaanza kuifunga AR-15 pistoni. Mitambo ikabaki safi kweli. Lakini pistoni inapiga juu ya kibeba boliti, siyo katikati. Ukisukuma kitu kwa juu tu, mkia wake unashuka. Kibeba boliti kikawa kinainama nyuma na kukwaruza mdomo wa lile bomba la kitakoni, ambalo ni la alumini. Alumini na chuma vikisuguana, anayeliwa ni alumini.

Mkulima wa Hirbadaw anayelima kwa ng'ombe halihitaji somo hili. Mnyororo ukifungwa pasipo mahali pake, plau haitulii: mara inachimba mno, mara inaelea juu juu. Ng'ombe ni walewale na plau ni ileile, kilichobadilika ni mahali pa kuvutia.

Hapo ndipo wauzaji wa vipuri wakaja na bafa za kuzuia kuinama. Uso wa mbele wa bafa umechongwa uegemeze mkia wa kibeba boliti usishuke. Viwanda vingine vikanenepesha mkia wenyewe. Zinasaidia, ndiyo. Lakini ni kiraka.

Na msidhani Stoner alikuwa adui wa pistoni. AR-16 aliyoibuni kabla ya kuondoka ArmaLite ilikuwa ya pistoni. Kutokana nayo Arthur Miller akatengeneza AR-18, ambayo kibeba boliti chake kinatembea juu ya fito mbili. Pistoni ilipangiwa njia yake tangu mwanzo, haikuchomekwa baadaye.

Mwaka 1990 Stoner alikutana Marekani na Mikhail Kalashnikov, mshindani wake wa miaka yote, wazee wawili wakakaa kama mafundi. Kazi yake na kampuni ya Knight's ilizaa SR-25. Alifariki tarehe 24 Aprili 1997 huko Florida, akiwa na miaka 74.

Sisi huku tunafunga injini ya gari hili kwenye lile na pampu ya huyu kwenye kisima cha yule. Siyo dhambi. Ila ukihamisha msukumo, kagua na kila kinachoupokea. Kule Vietnam walisahau, na waliolipa hawakuwa waliobadilisha baruti.

Mafundi wa plau, pikipiki na mashine za kusaga, nyie mnasemaje? Maoni hapo chini.