MEINERTZHAGEN: MWANAJESHI, MWANDISHI NA MWIZI WA NDEGE

Wadau, leo tumwangalie jamaa ambaye vitabu vyake hutajwa sana ikizungumzwa Kenya ya wakoloni. Ni Richard Meinertzhagen, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1878 na kufariki 1967.

Huyu bwana alipenda vitu viwili, vita na ndege. Alikuja Kenya 1902 akiwa afisa wa King's African Rifles. Huko msituni akapata mabaki ya nguruwe mwitu mkubwa ambaye wanasayansi wa Ulaya hawakumjua, na mwaka 1904 mnyama akapewa jina lake. Mwaka 1914 alikuwa afisa wa upelelezi Waingereza walipochapwa na Wajerumani pale Tanga. Uzeeni akatoa Birds of Arabia (1954), kisha Kenya Diary (1957), yaani shajara zake za jeshini.

Sasa sikia. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikutana na Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza na reli yao. Ilitakiwa wazungumze amani. Koitalel akauawa kwa risasi pale pale pamoja na watu wake. Meinertzhagen aliandika kwamba yeye ndiye aliyetegewa mtego. Wanandi wanasema kiongozi wao alipigwa risasi akinyoosha mkono kusalimia. Jeshi lilichunguza likamsafisha, ila 1906 akaondolewa Kenya. Ya kwake ikasambaa duniani maana ndiyo iliyokuwa kitabuni.

Tatizo likaanzia kwa ndege. Aliiachia makumbusho ya London ndege waliokaushwa kama 20,000. Miaka ya 1990 wataalamu walipowakagua, wakakuta wengi ni wa wizi, tena wengine wa makumbusho hayo hayo, kawabandikia mahali na tarehe za uongo! Bundi mmoja adimu wa India alitafutwa bure sehemu aliyoiandika yeye. Mwaka 1997 watafiti wakapuuza maandishi yake, wakafuata ya wakusanyaji wengine wa zamani, wakamkuta bundi yuko hai.

Haya, mtu anayedanganya kuhusu bundi aliyekufa, tumwamini vipi kuhusu binadamu aliyemuua mwenyewe? Bundi alipata watafiti wa kumtetea. Ya Koitalel yalibaki vinywani mwa wazee.

Wadau wa Nandi, nyumbani mlisimuliwaje? Andikeni hapa chini, na sisi tusome.