Maisha ya Daktari Robert Koch, Mtafutaji wa Vidudu vya Magonjwa

Hapana nyumba katika nchi yetu ya Tanga, tangu pwani hata milimani, isiyoijua homa. Kwa hiyo nataka kuwasimulieni maisha ya mganga mmoja mkuu, aliyepata kufika katika milima yetu ya Usambara na kuuliza habari za homa hiyo kwa wenyeji wenyewe. Jina lake ni Robert Koch. Yako mambo yake ya kusifiwa sana, tena yako ya kuhuzunikiwa. Yote mawili yafaa kujulikana.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, mji wa wachimba madini. Baba yake alikuwa mtu wa kazi ya migodi, na mama yake alizaa watoto 13. Mwaka 1862 Robert aliingia chuo kikuu cha Göttingen, na mwaka 1866 alimaliza masomo ya uganga. Tangu 1872 alikuwa mganga wa serikali katika mji mdogo wa Wollstein, ulio sasa katika nchi ya Poland.

Huko ng'ombe na kondoo wengi walikuwa wakifa kwa kimeta, na wachungaji wao pia waliugua. Mganga huyu hakuwa na maabara. Alikuwa na nyumba yake, panya wadogo, na hadubini, chombo cha kuonea vitu visivyoonekana kwa macho. Akatia damu ya mnyama aliyekufa katika mwili wa panya, naye panya akafa. Na katika damu yake akaviona vijiti vile vile alivyoviona katika damu ya kwanza. Akavilea vijiti hivyo nje ya mwili, akaona vikigeuka kuwa kama mbegu ngumu ziwezazo kukaa siku nyingi udongoni. Ndipo ikajulikana kwa nini malisho fulani huua wanyama mwaka hata mwaka. Mwaka 1876 alitangaza habari hizi, nao wataalamu wakastaajabu.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 aliwaonyesha waganga wenzake vidudu vya kifua kikuu, ugonjwa ambao watu wengi walidhani ni wa ukoo tu, au wa unyonge wa mwili. Hata mwaka 1883 akaenda Misri, na kutoka huko India, kutafuta chanzo cha kipindupindu. Akakiona kidudu chake katika matumbo ya wagonjwa, na katika maji ya madimbwi ambayo watu waliyanywa na kuoga humo. Kwanza alifundisha kwamba kidudu cha ugonjwa hakionekani katika mwili wa mtu mzima wa afya. Baadaye ikaonekana kwamba mtu aweza kukichukua kidudu cha kipindupindu pasipo kuugua, akawapa wengine. Hivyo ikaonekana kwamba ugonjwa si kidudu peke yake, bali ni shindano la kidudu na mwili kinamoingia.

Basi, mtu aliyekwisha kusifiwa hivyo yu karibu na kujikwaa. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa ya kuzuia kifua kikuu. Hakueleza mara moja jinsi ilivyotengenezwa. Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa maelfu, wakiwa na matumaini makubwa. Lakini dawa ile haikuponya; wengine ilizidi kuwadhoofisha, wengine walikufa. Baadaye ilifaa kwa kazi nyingine, yaani kupima kama mtu amepata kuingiwa na kidudu hicho. Lakini wale waliofiwa hawakufarijiwa na jambo hilo.

Tangu hapo safari zake zikawa nyingi. Mwaka 1896 alikwenda Afrika ya Kusini kwa sababu ya sotoka ya ng'ombe, na mwaka 1897 India kwa sababu ya tauni. Kutoka huko akaja Dar es Salaam, wakati nchi yetu ilipokuwa chini ya Wadachi, naye akapanda pia milima ya Usambara. Aliona kwamba watu wakaao juu milimani hawakuugua homa kwao, lakini waliposhuka bondeni au pwani, walirudi nayo. Watu wa pwani, waliozoea kuumwa nayo tangu utoto, hawakuugua sana kama wao.

Akawauliza wenyeji jina la ugonjwa huo. Wakamjibu kwamba ni mbu. Akauliza mbu ni nini, wakamweleza kwamba ni wadudu walio huko chini, nao wakimwuma mtu, huugua. Siku hizo ndiyo kwanza Ronald Ross, huko India, alikuwa ameona kidudu cha malaria ndani ya mbu, mwezi wa Agosti 1897. Mwaka 1898 Ross alionyesha jinsi mbu wapelekavyo malaria ya ndege, na mwaka huo huo Waitalia wakaonyesha ile ya binadamu. Jambo lililotafutwa kwa hadubini katika nchi nyingi, wazee wa Usambara walikuwa wakilitaja kwa neno moja. Koch hakuwacheka. Aliliandika neno lao, akalipeleka kwa wataalamu wa Ulaya, na limesomwa katika vitabu vyao. Hili namsifu nalo kuliko mengi.

Mwaka 1905 alirudi Afrika ya Mashariki. Alifanya kazi Dar es Salaam, na pia Amani, katika chuo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1902, akichunguza mbung'o. Tena aliichunguza homa ya papasi. Papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hasa katika vibanda vya zamani walimolala wapagazi. Usiku hutoka na kunyonya damu. Koch aliona kwamba kidudu cha homa huingia hata katika mayai ya papasi, na watoto wake huzaliwa nacho, hata kibanda kikikaa kitupu hatari haiondoki. Kwa hiyo aliwashauri wasafiri wasilale katika vibanda hivyo wala karibu navyo. Wakati ule ule waganga wawili, Dutton na Todd, walikuwa wakiitafuta habari hiyo katika Kongo ya mashariki; Dutton alikufa huko Kasongo mwezi wa Februari 1905. Leo twajua kwa nini homa hiyo huondoka na kurudi: mwili ukikwisha kukitambua kidudu, chenyewe hubadili vazi lake, kama mwizi aliyeonekana.

Mwaka huo wa 1905 alipewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 akaenda visiwa vya Sese, katika ziwa la Viktoria upande wa Uganda, ambako malale ilikuwa imeua watu wengi mno. Wagonjwa zaidi ya 1,000 wakaja kwake, wengine wakichukuliwa na ndugu zao. Akawapiga sindano za dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya arseniki ndani yake. Kwanza wengi walipata nafuu, na vidudu vikatoweka katika damu yao, kisha vikarudi. Koch akaongeza kiasi cha dawa. Ndipo baadhi ya wagonjwa wakapofuka, wala hawakuona tena. Akakipunguza kiasi kile, lakini macho yao hayakurudi. Majina yao hayakuandikwa katika vitabu kama jina lake lilivyoandikwa.

Robert Koch alikufa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, mwenye umri wa miaka 66. Majivu yake yaliwekwa katika chuo chake cha Berlin.

Tumpime kwa haki. Alipokaa kimya, akatazama na kuuliza, alifungua milango ambayo hata leo twapita humo. Alipokimbilia kuponya kabla ya kujua, wanyonge walilipa. Kazi aliyoigusa hapa kwetu haikukoma. Amani pakawa mahali pa utafiti wa malaria, na tangu 1979 kazi hiyo imo mikononi mwa taasisi ya taifa letu wenyewe. Watoto wa Korogwe walikuwa miongoni mwa watoto wa Afrika waliojaribiwa chanjo ya malaria, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali chanjo hiyo itumike. Lakini kabla ya sindano ya kwanza wazazi walielezwa habari yake na kuulizwa kama wanaridhia. Wale vipofu wa Sese hawakupata heshima hiyo. Basi, ndugu zangu, mtafiti akija nyumbani kwako, msikilize. Nawe usione haya kumwuliza hata uelewe. Maana hata Koch alifundishwa neno moja na wazee wa milima yetu.