Al-Khalil bin Ahmad: Aliyetia Irabu Bila Kugusa Herufi

Abu Abdirrahman Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi alizaliwa karibu na mwaka 100 Hijria (718 Miladia), katika kabila la Azd la Oman, akasoma na kusomesha Basra. Wengi tunamjua kwa Kitab al-Ayn, kamusi ya kwanza ya Kiarabu, kwa elimu ya arudhi, na kwa mwanafunzi wake Sibawayhi. Lakini kazi yake tunayoitumia kila siku ni alama za fat-ha, kasra na dhumma.

Misahafu ya mwanzo haikuwa na irabu. Maswahaba hawakuzihitaji: lugha ni yao, na Qur'ani wameihifadhi vifuani. Uislamu ulipowafikia wasio Waarabu, makosa ya kusoma yakazidi. Abul-Aswad Ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, akaweka nukta za rangi: juu kwa fat-ha, chini kwa kasra, ubavuni kwa dhumma. Kisha zikaenea nukta za kutenganisha ba, ta na tha. Hapo mwandishi akalazimika kuwa na wino wa rangi mbili, la sivyo msomaji huchanganya nukta na nukta.

Al-Khalil alitumia herufi ndogo badala ya nukta. Dhumma ni wau ndogo, fat-ha ni alifu ndogo iliyolazwa, shadda ni kichwa cha shini, hamza ni kichwa cha aini. Wino mmoja ukatosha. Herufi zenyewe hakuzigusa: aliyezoea maandishi ya zamani aliziruka alama akasoma kama kawaida, na mgeni alizifuata akasoma sawasawa.

Wenzetu wanaosoma kompyuta wanalijua tatizo hili. Lugha ya programu ikiongezewa kitu kipya, kompaila ya zamani haikielewi, na kazi yote hukwama. Mwandishi mwangalifu hukizungushia sharti, ili kompaila ya zamani ikiruke na mpya ikitumie, programu ikiwa ni ile ile moja.

Mabadiliko yenyewe hayakuja kwa siku moja. Alama za Al-Khalil zilitangulia katika mashairi na vitabu vya lugha. Waandishi wa misahafu waliendelea na nukta kwa vizazi. Huko Andalusi, Abu Amr Ad-Dani, aliyefariki mwaka 444 Hijria, bado alizipendelea nukta. Mifumo miwili iliishi pamoja, wala hakuna aliyenyimwa kusoma.

Al-Khalil mwenyewe aliishi kimaskini Basra, katika kibanda cha matete. Inasimuliwa kuwa alikataa malipo ya mtawala, akaridhika na mkate mkavu. Alifariki baina ya mwaka 170 na 175 Hijria.

Leo mtoto wa chuoni Macaloe, ambaye nyumbani husema Kimwani, hufuata alama hizo hizo kwa kidole. Sheikh wake aliyehifadhi hazihitaji, na wote wawili wana msahafu mmoja mbele yao. Anayetaka kutengeneza jambo la umma na aangalie hapo: amsaidie anayekuja bila kumfungia mlango aliyetangulia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Al-Khalil, na atunufaishe kwa elimu yake. Amin.