Septima Clark: mwalimu aliyefukuzwa kazi, masomo yakaanzia nyuma ya duka

Walimu wa huku kwetu wanajua kufundisha bila mshahara. Mama tunayemuongelea leo alikuwa analipwa, lakini baada ya miaka 40 ya chaki leta ilimfukuza na pensheni yake ikakatwa. Kosa lake lilikuwa kubaki mwanachama wa NAACP, shirika lililotetea haki za watu weusi.

Septima Poinsette alizaliwa tarehe 3 Mei 1898 mjini Charleston, jimbo la South Carolina, kule Marekani. Baba yake alizaliwa mtumwa, mama yake alikuwa anafua nguo za watu. Alipomaliza masomo ya ualimu mwaka 1916, mji wake haukukubali mwalimu mweusi katika shule za leta, hata zile za watoto weusi. Basi akaenda kisiwani, Johns Island. Huko yeye na mwenzake mmoja walikuwa na wanafunzi 132. Shule ya wazungu ya jirani ilikuwa na watoto watatu tu, na mwalimu wao alilipwa zaidi ya mara mbili kuliko yeye.

Akarudi mjini, akapita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi, na mwaka 1920 walimu weusi wakakubaliwa. Mwaka huohuo aliolewa na baharia, Nerie Clark, aliyefariki 1925. Mwaka 1945, katika kesi iliyosimamiwa na wakili Thurgood Marshall, walimu weusi walipata mshahara sawa na wazungu.

Ndipo 1956 South Carolina ikatoa sheria: mfanyakazi wa leta asiwe mwanachama wa NAACP. Septima akakataa kutoka. Aliwaandikia walimu wenzake barua zaidi ya 700 ili wasimame pamoja, wakajibu 26. Woga wa kupoteza kazi, nani hajui huo?

Akachukuliwa na shule ya Highlander, jimbo la Tennessee, ambako weusi na wazungu walisoma na kula meza moja. Alikuwa amekwisha kuongoza mafunzo hapo. Rosa Parks alihudhuria mwaka 1955, miezi michache kabla ya kukataa kumuachia mzungu kiti ndani ya basi.

Tuelewe kwanza kufuli lilikuwa wapi. Katiba ya Marekani ilikataza tangu 1870 kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Lakini kila jimbo ndilo linapanga namna ya kuandikisha wapiga kura, na South Carolina ilitaka mtu asome kipande cha katiba ya jimbo mbele ya karani. Mtu ambaye hakupata shule, na karani ni mzungu, atapita wapi?

Januari 1957, Septima na Esau Jenkins, mwenye basi la kisiwani, walifungua darasa la watu wazima. Mbele ya nyumba walikuwa wanauza vitu vya duka, nyuma watu wanasoma, ili wazungu wasishtuke. Mwalimu wa kwanza alikuwa Bernice Robinson, binamu yake Septima, msusi wa nywele. Walimtaka juu ya hilo hasa: msusi hawezi kuwadharau watu, na wateja wake ni weusi, mzungu hawezi kumfukuza kazi. Siku ya kwanza walikuja watu 14. Wakajifunza kuandika jina lao, kujaza formu, kusoma katiba. Halafu kazi ya sherifu ni ipi, nani anachagua kamati ya shule, kodi inaenda wapi. Mtu akishajua kwamba sherifu anayemuogopa anawekwa na kura, anamuangalia kwa jicho lingine.

Kuanzia 1961 kazi hiyo ilihamia kwenye shirika la Martin Luther King. Watu walitoka majimbo mengi ya kusini, wakafundishwa siku chache huko Georgia, wakarudi kufundisha makanisani na majumbani. Humo ndani wanaume walichelewa kumsikiliza mama, na yeye hakulificha jambo hilo. Mwaka 1965 sheria mpya ya taifa ilisimamisha yale majaribio ya kusoma katika majimbo ya kusini.

Mwaka 1975 wapiga kura wa Charleston walimchagua katika kamati inayosimamia shule, akiwa na miaka 77. Mwaka uliofuata, gavana akakubali kwamba alifukuzwa bila haki, na pensheni ikarudishwa. Alifariki tarehe 15 Desemba 1987.