Rumanyika wa Karagwe: mfalme aliyeuliza habari za jua

Msikilizaji, jina la Rumanyika unalisikia kila inapotajwa Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe. Je, mwenyewe alikuwa nani? Tunamweleza leo kwa sababu ule ubishi wa maandiko na sayansi, kipi kiaminiwe, ulifika barazani kwake zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Rumanyika alikuwa wa ukoo wa Abahinda, mtoto wa Omukama Ndagara. Alianza kutawala miaka ya 1850, makao yake yakiwa Bweranyange. Simulizi inasema ndugu watatu waliwekewa ngoma ndogo ya kifalme, wawili wakashindwa kuinyanyua, yeye akaiinua kwa kidole. Hata hivyo ndugu yake Rogero alimpiga vita, na Rumanyika alipata msaada wa Musa Mzuri, mfanyabiashara Mwislamu kutoka India aliyekaa Tabora.

Novemba 1861 waliingia kwake Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Rumanyika aliwapokea vizuri na kuwapa habari za milima, mito na maziwa, nao wakazitumia katika ramani zao. Naye alikuwa na maswali yake. Aliuliza kama jua la leo ndilo lile la jana au kila siku linakuja jipya, na kwa nini mwezi hubadilika sura. Kumbuka kuwa huyu ndiye aliyesimamia sherehe za ngoma kila mwezi ulipoandama. Imani haikumzuia kuuliza.

Siku moja Speke alichukua Biblia kumweleza mfalme asili ya ukoo wake. Alianza na Adamu, akaja kwenye gharika na watoto wa Nuhu, akasema Wazungu ni wa Yafethi, Waarabu wa Shemu na Waafrika wa Hamu. Kisha akasoma 2 Mambo ya Nyakati sura ya 14, habari za Zera Mkushi, kuonyesha kuwa watawala wa Karagwe walitoka Uhabeshi na si wa damu moja na wakulima wao.

Fungua sura hiyo mwenyewe. Hutakuta Karagwe, wala Wahima, wala Wairu. Speke aliongeza ya kwake juu ya maandiko, na mwaka 1863 akayachapisha kitabuni kama elimu. Wakoloni waliyachukua na kuyatumia kuwagawa watu, hasa Rwanda na Burundi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, miili ya watu ilibebwa na maji ya mto Kagera mpakani kwetu, na wakimbizi wakajaa Karagwe na Ngara. Wanahistoria wamekwisha kuikataa nadharia hiyo.

Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley. Alikwenda kwenye maji moto ya Mtagata, leo wilaya ya Kyerwa, akakuta wagonjwa wengi wakioga ili wapone. Alikaa siku tatu. Alipima joto, akapata kama nyuzi 54 kwenye maji makali zaidi. Alioga, akanywa, akasema hakuona faida zaidi ya usafi. Hakuishia hapo: alichukua chupa ya maji ili wataalamu wa Ulaya wayachunguze. Tofauti yake na Speke ni hiyo: alipofika mwisho wa anachokijua, aliacha kipimo kiendelee.

Rumanyika alifariki karibu mwaka 1878. Baada yake ufalme ulidhoofika, kisha ukaja utawala wa Wajerumani.

Kwa hiyo, msikilizaji, mtu akikwambia Biblia au Kurani imesema jambo fulani juu ya kabila la jirani yako, muulize ni sura gani, msome wote wawili. Akikwambia sayansi imethibitisha, muulize nani alipima, na alipima nini. Kuuliza si kukufuru. Omukama mwenyewe aliuliza, tena mbele ya wageni.