Josiah Willard Gibbs

Josiah Willard Gibbs (11 Februari 1839 – 28 Aprili 1903) alikuwa mwanafizikia, mwanakemia na mwanahisabati kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuonyesha jinsi ya kutambua kama mmenyuko wa kikemia unaweza kutokea wenyewe.

Maisha

Alizaliwa na kufariki mjini New Haven, Connecticut. Baba yake, mwenye jina hilohilo, alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Yale. Ndiye aliyewatafutia mkalimani wa Kimende Waafrika wa meli ya Amistad.

Gibbs alipata shahada ya uzamivu ya uhandisi huko Yale mwaka 1863, kisha akasoma Paris, Berlin na Heidelberg. Mwaka 1871 aliteuliwa kuwa profesa wa Yale, lakini bila mshahara. Alianza kulipwa mwaka 1880 tu, baada ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kutaka kumchukua. Hakuoa.

Kazi

Kati ya miaka 1875 na 1878 alichapisha maandishi marefu kuhusu msawazo wa kikemia. Kabla yake wanakemia wengi waliamini kwamba mmenyuko hutokea kwa sababu unatoa joto. Lakini barafu huyeyuka ikiwa inapokea joto. Gibbs aliunganisha joto na entropia, yaani kipimo cha mtawanyiko wa nishati, katika kiasi kimoja kinachoitwa leo nishati huria ya Gibbs:

ΔG = ΔH − TΔS

Hapa H ni entalpia, T ni halijoto katika kelvini na S ni entropia. Kama halijoto na shinikizo havibadiliki, ΔG iliyo chini ya sifuri inaonyesha kwamba badiliko linaweza kutokea lenyewe. Ikiwa sifuri kuna msawazo. Kwa barafu katika shinikizo la kawaida, msawazo huo uko kwenye 0 °C. Hata hivyo, ΔG haionyeshi kasi: almasi ingepaswa kugeuka kuwa grafiti, lakini haionekani kubadilika.

Kutambuliwa

Maandishi hayo yalitolewa katika jarida dogo la Connecticut, tena kwa hisabati ngumu, hivyo wachache waliyasoma. James Clerk Maxwell alitambua mapema thamani ya kazi ya Gibbs, lakini alifariki mwaka 1879. Wanakemia wa Ulaya waliyafahamu zaidi baada ya Wilhelm Ostwald kuyatafsiri kwa Kijerumani mwaka 1892. Mwaka 1901 Gibbs alipewa Medali ya Copley nchini Uingereza, miaka miwili kabla ya kifo chake.