Kitchener: Jemadari mwenye shamba Songhor aliyezama na manowari

MSAFIRI atokaye Bungoma akapitia Kakamega hadi Kisumu, kisha akashika njia ya Muhoroni, hufika Songhor, chini ya milima ya Nandi penye mashamba ya miwa. Hapo ndipo Horatio Herbert Kitchener, jemadari aliyetajika mno Uingereza katika zama zake, alipojipatia shamba pamoja na wenzake baada ya kuzuru Afrika Mashariki mnamo 1911. Wanandi walikuwa wameondolewa katika ukanda huo wa reli miaka michache tu awali, baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa mnamo 1905. Kitchener hakupata kuishi huko.

Alizaliwa Juni 24, 1850 karibu na Listowel, Ireland, akawa mhandisi wa jeshi. Kabla jina lake halijavuma, mwishoni mwa 1885 alitumwa Zanzibar kuiwakilisha Uingereza katika tume iliyokuwa pia na Mjerumani na Mfaransa. Kazi yao ilikuwa kupima mamlaka ya Sultani Barghash yalifika wapi. Sultani aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na mnamo 1886 London na Berlin zikagawana bara pasipo kumwuliza mwenyeji yeyote. Mstari uliochorwa mwaka huo kutoka pwani hadi Ziwa Victoria ndio msingi wa mpaka wa Kenya na Tanzania.

Sifa alizipata Sudan. Septemba 2, 1898, huko Omdurman, bunduki na mizinga ya majeshi yake iliua wafuasi wa Mahdi zaidi ya 10,000 kwa asubuhi moja. Kaburi la Mahdi likabomolewa na mifupa ikatupwa Mto Nile, kitendo kilichowachukiza hata Waingereza wenyewe. Afrika Kusini nako aliteketeza mashamba ya Makaburu na kuwafungia wake na watoto wao kambini, ambako maelfu walikufa kwa maradhi. Baadhi ya Makaburu waliohama nchi hiyo baada ya vita ndio waliokuja kulima Uasin Gishu na viunga vya Kitale.

Vita Vikuu vilipozuka 1914, Kitchener alifanywa waziri wa vita. Wengi walitaraji viishe kabla ya Krismasi. Yeye alikadiria miaka, na hapo hakukosea. Huku nyumbani, vijana wa Magharibi mwa Kenya walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na wengi wao hawana kaburi lijulikanalo.

Juni 5, 1916, Kitchener alipanda manowari Hampshire katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, aende Urusi kwa mashauriano. Manowari hiyo ilikuwa imetoka salama katika mapigano ya Jutland siku 5 kabla. Kwa sababu ya dhoruba, ilipitishwa magharibi mwa visiwa, njia iliyodhaniwa salama. Manowari ndogo 2 za kuisindikiza zilishindwa na mawimbi, zikarudishwa.

Kumbe mwishoni mwa Mei nyambizi ya Kijerumani, U-75, ilikuwa imetega mabomu papo hapo. Bomu la aina hiyo hufungwa kwa nanga likaelea chini kidogo ya uso wa maji. Chombo kikigusa pembe zake, hulipuka. Hampshire iligusa moja jioni hiyo, ikazama kwa takriban dakika 15, nchi kavu ikionekana. Mashua hazikuweza kushushwa. Walioruka kwenye maboya wengi walikufa kwa baridi. Watu 737 waliangamia, 12 wakanusurika.

Maiti ya Oswald FitzGerald, msaidizi wake wa karibu, iliopolewa ikazikwa Eastbourne. Ya Kitchener haikuonekana. Uvumi ukaenea kwamba yu hai, au kwamba alisalitiwa na majasusi. Mnamo 1926 mtu mmoja alifikisha London jeneza akidai lina mwili wake. Wakuu wa serikali walipolifungua, hapakuwa na maiti ndani.